Wiki ya Kuchuma na Haki ya Pikipiki



Msimu ukishaingia, hapana nyumba ya mkulima wa karafuu yenye nafasi. Alfajiri watu wameshaondoka kwenda shamba. Jioni karafuu mbichi zinateremka. Usiku wakubwa na wadogo wamekaa kuchambua mpaka macho yanawauma. Na kukicha majamvi yatandikwe tena. Katika shughuli yote hiyo kiko kitu kimoja kinachofanya kazi tangu mwanzo wa siku mpaka mwisho wake, wala hakipewi hata tambara la kufutwa matope, nacho ni pikipiki. Sisi twaona jambo hili si la haki wala si la akili, na katika ukurasa huu twataka kulisema waziwazi.

Twajua jawabu tutakalopewa. Wako wenzetu watakaosema kuwa mashine ni kazi ya fundi, na kuwa wiki ya kuchuma si wiki ya kukaa chini kuangalia nati. Karafuu zitasubiriwa na nani? Likishapita hilo, ndipo pikipiki itapelekwa gereji ikatengenezwe yote kwa mara moja. Maneno haya yana sura ya busara, lakini twaomba yapimwe vizuri.

Kwanza tufikiri mzigo wenyewe. Kila mmoja wetu anajua kuwa kilo 3 za karafuu mbichi, au karibu ya hizo, ndizo zinazotoa kilo 1 ya karafuu kavu. Basi pikipiki inayoteremsha karafuu kutoka shamba hubeba mara tatu ya kile kitakachouzwa, na juu yake makonyo, na juu yake mchumaji aliyechoka anayetaka kufikishwa kwao. Inapanda mlima ikiwa na watu na inateremka ikiwa na magunia, mara nne au tano kwa siku, katika njia za udongo mwekundu ambazo mvua ya vuli ikinyesha huwa kama zimepakwa sabuni. Miezi mengine yote ya mwaka pikipiki hiyo hiyo hupeleka mtu mmoja sokoni na kumrejesha. Sasa tuulizane: ni wakati gani mashine inataka kuangaliwa zaidi, wakati inapotembea mtupu au wakati inapochinjwa kwa kazi?

Pili, tufikiri kinachotokea inapokwama. Karafuu haingoji. Kikonyo kikishakuwa chekundu kichumwe kabla maua hayajafunguka, na kikishachumwa kichambuliwe na kianikwe. Karafuu mbichi zikilazwa ndani ya gunia hupata joto na kuvunda, na zikija kuanikwa hutoka nyeupe nyeupe na zenye mikunjo, nanyi mwajua bei yake itakavyokuwa. Na huyo fundi tunayemtegemea, wiki hiyo ana pikipiki kumi za watu mbele ya yako, maana wote wamengoja kama ulivyongoja wewe. Cheni iliyokatika Jumatatu huungwa Alkhamisi. Kwa siku tatu hizo mtu hulipa gari ya kukodi, au huwapakia watu magunia vichwani kama walivyofanya wazee wetu, na wazee wetu angalau walikuwa na punda.

Tatu ni jambo ambalo hatupendi kulitaja lakini lazima tulitaje. Mteremko wa mlima, gunia nyuma, kijana juu yake, na breki iliyokwisha: hapo khasara si ya karafuu tena.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Kila pikipiki inayofanya kazi ya karafuu ipewe robo saa kila usiku, nyumbani, na mwenye nyumba mwenyewe au mtu mmoja aliyemteua, wakati wengine wanachambua. Wala hatusemi mtu ajifanye fundi. Kufungua injini ni kazi ya fundi na ibaki hivyo. Lakini kutazama oili, kulainisha cheni, kukaza breki na kujaza upepo si ufundi, kama vile kumpa punda maji si udaktari wa wanyama.

Tueleze basi hiyo robo saa inakwenda wapi.

Kwa cheni twataka kukaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote na ndiyo inayokatika mahali pabaya. Mara tu pikipiki ifikapo nyumbani jioni, cheni ingali na uvuguvugu, isimamishwe juu ya stendi kubwa na injini izimwe. Twasisitiza izimwe. Wako vijana wanaopenda kutia gea ili gurudumu lizunguke lenyewe huku wakipangusa cheni kwa tambara, na tambara likinaswa huondoka na kidole. Gurudumu lizungushwe kwa mkono. Matope yapanguswe kwa tambara lililotiwa mafuta ya taa kidogo, wala si petroli. Kisha itiwe oili nzito ya giaboksi, ile ya namba 90, tone kwa tone upande wa ndani wa cheni, na baada ya dakika chache ile iliyozidi ipanguswe. Kuna desturi ya kumiminia cheni oili chafu iliyotolewa katika injini. Oili ile ina uchafu wa chuma ndani yake, tena ni nyepesi, hurukaruka mpaka nyuma, na nyuma ndiko gunia la karafuu lilikofungwa. Mwenye kuifanya desturi hii anaharibu vitu viwili kwa mkono mmoja.

Baadaye cheni ipimwe ulegevu wake. Ishike katikati, upande wa chini, uipandishe na kuishusha. Kwa pikipiki nyingi tunazotumia, za 100 mpaka 150, yatakiwa icheze kiasi cha milimita 20 mpaka 30, yaani upana wa kidole gumba au zaidi kidogo. Ipimwe mahali mbalimbali huku gurudumu likizungushwa, kwa kuwa cheni iliyochakaa haikazani sawasawa: hapa imelegea, pale imekaza. Ukiikaza kwa kufuata pale palipolegea, pale pengine patakuwa kama uzi wa kamba ya mtego, na siku ikipakiwa gunia itakatika. Anayeikaza alegeze nati ya gurudumu la nyuma, azungushe vile vikazio vya pande mbili kwa hesabu moja, na atazame zile alama zilizochongwa kulia na kushoto zilingane, la sivyo gurudumu litakaa upande na kula mpira na meno. Nati ikishakazwa, pini yake irejeshwe. Na pale cheni ilipoungwa pana kibanio kidogo kama pini ya nywele. Upande wake uliofungika ndio utangulie kule cheni inakokwenda. Kikitiwa kinyume, kijiti kimoja cha njiani chatosha kukifungua.

Ukishakaza cheni, usiondoke bila ya kutazama breki ya nyuma, maana gurudumu limesogea nyuma na fimbo ya breki haikusogea. Jambo hili huwapita hata wazoefu. Kanyagio la breki lishuke kidogo tu, milimita 20 mpaka 30, kabla ya breki kuanza kushika. Na mkono wa breki ya mbele usifike kwenye mpini hata ukibanwa kwa nguvu. Breki nyingi za pikipiki hizi ni za ngoma, na juu ya ngoma pana mshale mdogo na alama. Ukibana breki na mshale ukafika kwenye alama, kukaza hakufai tena. Viatu vya breki vimekwisha na hapo ndipo fundi anapotakiwa, usiku ule ule au asubuhi yake, wala si baada ya msimu. Tena breki ya ngoma ikiingia maji au tope hukataa kushika kwa muda, kwa hivyo aliyevuka dimbwi aibane polepole huku akienda, apate kuikausha kabla hajafika mteremkoni. Na mteremkoni kwenyewe gea iwe ya chini, ya pili au ya kwanza, injini isaidie kuzuia. Anayeweka gea huru na kuzima injini ili abane petroli ya kijiko kimoja, sisi hatuna maneno ya adabu ya kumwambia.

Oili ya injini haina maelezo mengi. Pikipiki isimame wima mahali pa sawasawa, ingoje dakika chache baada ya kuzimwa, kisha kijiti kitazamwe, au kile kioo kwa zilizo na kioo. Kitabu cha pikipiki yako kisomwe, maana nyengine kijiti chake hupimwa kwa kuchomekwa tu bila ya kukazwa. La kukumbuka ni kuwa injini hizi ndogo zina oili ya lita 1 au zaidi kidogo tu. Ikipungua kikombe kimoja katika gari ni jambo dogo, lakini katika pikipiki ni robo ya yote. Na oili inunuliwe ya pikipiki, kopo liwe na maandishi JASO MA au MA2. Kuna sababu ya jambo hili wala si ujanja wa wenye maduka: katika pikipiki nyingi klachi inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari zina dawa ya utelezi ambayo huifanya klachi iteleze. Injini itanguruma mlimani na pikipiki haitakwenda, na mwenyewe atadhani klachi imekufa kumbe ameinywesha kitu kisicho chake.

Upepo wa mipira hupimwa asubuhi, si usiku, kwa kuwa mpira uliotoka kazini una joto na hudanganya kipimo. Kwa pikipiki nyingi za kiasi hiki mbele ni paundi 25 hivi, na nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 au zaidi ukiwa na mtu au mzigo. Hesabu kamili iko katika kitabu, na mara nyingi katika karatasi iliyobandikwa ubavuni. Pembeni mwa spoku mtazame ule mdomo wa kutilia upepo. Ukiuona umelala upande badala ya kusimama wima, jua kuwa mpira umetembea juu ya gurudumu kwa kukosa upepo na umeuburura ndani yake tyubu. Karibu tu mdomo utang'oka, na pancha ya namna hiyo haizibiki kwa kiraka. Spoku zenyewe zigongwe kwa spana moja moja. Iliyokaza hulia, iliyolegea husema kama mtu aliyejifunika shuka.

Chujio la hewa tulipe dakika tano mara moja kwa wiki, khasa siku za vumbi. Likiwa la sponji, lioshwe kwa mafuta ya taa, likamuliwe bila ya kupotolewa, likauke, litiwe oili safi kidogo na kukamuliwa tena. Likiwa la karatasi lisioshwe. Likung'utwe, na likizidi uchafu libadilishwe. Injini inayovuta vumbi hulika ndani kimya kimya.

Taa zisafishwe vioo vyake, ya nyuma usiisahau, kwa sababu twatoka nyumbani alfajiri na twarudi baada ya Magharibi, na magari ya magunia yako barabarani saa hizo hizo. Na walio karibu na pwani, au waliovusha pikipiki zao kwa chombo, wamwage maji baridi kuondoa chumvi, injini ikiwa imepoa.

Hayo yote, ukishayazoea, hayazidi robo saa. Wala hayahitaji zaidi ya spana tatu nne, koleo, bisibisi, pampu, kipimo cha upepo, tambara na kopo la oili.

Sasa tuje kwenye jambo la petroli nyumbani, maana halitenganiki na hili. Wiki ya kuchuma watu huweka petroli katika chupa za maji ya kunywa, chini ya kitanda au nyuma ya mlango, na humo humo ndani yamo magunia ya karafuu. Mbali na khatari ya moto na khatari ya mtoto mwenye kiu, karafuu ni kitu kinachonusa na kushika harufu. Gunia lililolala ubavuni mwa chupa ya petroli litafika kituoni na harufu yake, na hapana mnunuzi anayetaka karafuu ya petroli. Pikipiki yenyewe pia isilazwe chumba kimoja na karafuu. Twajua wizi upo. Afadhali ifungwe mnyororo barazani kuliko kulala na mazao.

Na uzito pia. Pikipiki nyingi tulizo nazo hazikuundwa kubeba zaidi ya kilo 150 hivi, pamoja na mwendeshaji wake. Mwendeshaji akiwa na kilo 65, zilizobaki ni 85, nazo ni mtu mmoja na mkoba, au gunia moja la mbichi lililojaa. Mtu, magunia mawili na ngazi ya kuchumia juu yake ni hesabu ambayo cheni, spoku na breki haziwezi kuikubali hata zikitunzwa namna gani.

Tumebakiwa na neno moja ambalo halitawapendeza baadhi ya wanachama, nalo ni khabari ya pikipiki za hesabu. Wengi wetu tunaomiliki pikipiki hatuziendeshi wenyewe. Tumempa kijana, na kila jioni analeta hesabu. Wiki ya kuchuma hesabu hupandishwa, kwa kuwa safari ni nyingi. Kijana naye akiiona hesabu imepanda huongeza safari, na akiongeza safari hapati nafasi hata ya kutia oili cheni. Na pikipiki si yake, ikifa atakwenda kuomba kwa tajiri mwengine. Mwenye mali anasema, "Kijana haitunzi." Kijana anasema, "Mzee anataka hesabu tu." Sisi twaona kwamba mwenye makosa zaidi ni mwenye mali, kwa kuwa ndiye aliyepanga mkataba. Kama anataka pikipiki itunzwe, utunzaji uwe ndani ya makubaliano: oili na cheni kwa gharama ya mwenye mali, robo saa ya kila jioni ihesabiwe kuwa ni kazi na ikatwe katika hesabu, na breki ikikataa kijana awe na ruhusa ya kusimamisha pikipiki bila ya kudaiwa siku hiyo. Sharti hili la mwisho ndilo zito, na ndilo tunalolitilia mkazo. Kijana anayejua kuwa atadaiwa hata ikiwa breki hazishiki, atateremka nazo mlimani hivyo hivyo. Kule chini yuko mtoto wa mtu anatoka skuli.

Wako watakaosema kuwa vijana watazua maradhi ya breki ili wapumzike. Yumkini mmoja atafanya hivyo. Lakini mwenye mali anayejua kutazama mshale wa ngoma ya breki hadanganyiki, na ndiyo sababu nyengine ya kutaka kila mwanachama mwenye pikipiki ajifunze haya japo haiendeshi.

Twapendekeza basi kwa Jumuiya mambo mawili, yajadiliwe katika mikutano ya matawi kabla ya msimu. La kwanza, kila tawi limwite fundi mmoja kwa asubuhi moja, alipwe na tawi, awaonyeshe wanachama na vijana wao kwa mkono namna ya kukaza cheni na kupima breki. Jambo linaloonwa halisahauliki kama linalosomwa. La pili, kila tawi liwe na sanduku moja lenye pampu, kipimo cha upepo, spana za namba zinazotumika sana, tyubu mbili, waya wa klachi, vibanio vya cheni na viraka. Anayechukua kitu aandike katika daftari na kukilipa karafuu zake zikishapimwa. Gharama ya sanduku hilo haifiki thamani ya magunia machache yanayovunda kwa sababu ya tyubu moja iliyokosekana usiku.

Ufunguo wake ukae kwa mwanachama anayelala pale pale kijijini. Na wenye pampu au spana wasizozitumia, wazipeleke kwa katibu wa tawi lao kabla wachumaji hawajaanza kupanda.